Kozi Iliyofundishwa Kabla ya Kupitishwa: Kisa cha Kamati ya Masomo ya Uzamili

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Dar es Salaam alimaliza masomo ya darasani, akaandika tasnifu yake, akaiwasilisha ofisi ya masomo ya uzamili ili ipelekwe kwa watahini. Ofisi ikamrudishia. Kozi moja aliyoisoma, ya krediti 12, haikuwamo katika orodha ya kozi zilizopitishwa kwa programu yake na Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Na msimamizi wake, aliyemwongoza tangu pendekezo la utafiti mpaka sura ya mwisho, hakuwa na idhini ya kumsimamia mwanafunzi yeyote wa uzamili.

Hakuwa amefeli kitu. Alama zake zilikuwa nzuri, ada alishalipa, na kila fomu aliyopewa aliijaza na kuirudisha kwa wakati. Alikuwa mtumishi wa halmashauri, anasoma jioni baada ya kazi, na mwajiri wake alikuwa akisubiri cheti ili ampandishe cheo.

Chuo sikitaji, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimekiacha nje. Nilikuwamo kwenye kikao kilichosikiliza shauri hili, nikiwa mjumbe wa kamati kutoka kitivo kingine, kwa hiyo nasimulia niliyoyasoma kwenye jalada na niliyoyasikia mezani. Msimamo wangu pia ninao, na utaonekana.

Injinia na kozi yake

Idara inafundisha uhandisi wa usafirishaji. Ilikuwa imeondokewa na wahadhiri wawili kwa mpigo, mmoja kaenda kusoma uzamivu (PhD) nje ya nchi, mwingine kateuliwa serikalini. Mkuu wa idara akamwendea mtu ambaye wengi katika fani wanamfahamu: mhandisi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kupanga barabara na usafiri wa mijini, mwenye shahada ya uzamili, asiye na uzamivu. Akapewa mkataba. Wanafunzi walimwita Injinia, nami nitamwita hivyo.

Injinia alikuja na kitu ambacho mtaala haukuwa nacho. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilianza kutoa huduma Mei 2016, njia ya takribani kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Tangu hapo mtu anayetaka kujifunza usafiri wa umma hana haja ya kwenda mbali: abiria waliosongamana Kimara asubuhi, karakana ya Jangwani iliyokuwa ikiingiliwa na maji Mto Msimbazi ulipofurika, tiketi, ratiba, daladala zilizoondolewa barabara kuu na kupangiwa njia za pembeni. Lakini kozi zilizokuwa zimepitishwa zilifundisha somo hilo kwa mifano ya miji ya mbali na kwa vitabu vilivyoandikwa kabla basi la kwanza halijatoka Kimara. Injinia akatunga kozi ya kupanga na kuendesha mabasi yaendayo haraka. Aliwapeleka wanafunzi vituoni kuhesabu abiria, akawafundisha kukadiria muda wa kusubiri, akawaonyesha jinsi kituo kimoja kinachojaa kinavyochelewesha njia nzima. Nimesoma muhtasari wa kozi hiyo pamoja na mitihani yake. Ilikuwa kozi nzuri, na nalisema hili mapema kwa sababu baadhi ya watu waliusikia uamuzi wa kamati kama hukumu dhidi ya mwalimu mbovu. Haikuwa hivyo.

Ilivyoingia kwenye ratiba ni hivi. Mtaala uliopitishwa ulikuwa na kozi ya hiari iitwayo Mada Maalumu, yenye msimbo wake na krediti 12, lakini bila maudhui yaliyokwishapangwa. Imewekwa makusudi ili mgeni akija na jambo jipya lifundishike bila kusubiri mtaala upitiwe upya. Kanuni za chuo zinaruhusu mada moja ifundishwe chini ya msimbo huo mara mbili. Ikitakiwa mara ya tatu, idara iandike andiko la kozi mpya na kuipeleka mbele. Idara ilifundisha mada ya Injinia mara ya kwanza na ya pili sawasawa. Mara ya tatu, badala ya kuandika andiko, iliipa mada jina lake, ikaipa na msimbo mpya iliouchagua yenyewe, ikaibandika kwenye ratiba. Mwanafunzi wetu alikuwa katika kundi hilo la tatu.

Usimamizi ulikuja kwa mlango mwingine. Barua ya mkataba, iliyoandikwa na ofisi ya utawala, ilisema Injinia atafundisha "na kushiriki katika shughuli nyingine za kitaaluma za idara". Idara ilikuwa na wanafunzi wengi na wasimamizi wachache. Maneno hayo yakachukuliwa kuwa yanatosha kumpa Injinia wanafunzi wa kusimamia, akiwamo mwanafunzi wetu.

Ajira si idhini

Hapa pana jambo ambalo hata wahadhiri wenzangu hulichanganya. Chuo kikuu kina njia mbili tofauti za kumpa mtu nafasi ya kitaaluma. Ya kwanza ni ajira na cheo: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Hiyo huamuliwa na kamati ya uteuzi na upandishaji vyeo, na mwisho wake ni Baraza la Chuo, kwa sababu inagusa mishahara na mikataba. Ya pili ni idhini ya kufundisha na kusimamia katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Hiyo ni ya Seneti, kupitia kamati yake ya masomo ya uzamili, kwa sababu inagusa thamani ya shahada. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Injinia alikuwa na ya kwanza peke yake.

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani utengano huu uko wazi zaidi. Kuna baraza maalumu la masomo ya uzamili, wajumbe wake wengi wakichaguliwa na wanataaluma wa vitivo, pamoja na mkuu wa shule ya uzamili na mara nyingi wawakilishi wa wanafunzi. Baraza hilo ndilo linalotoa hadhi ya kuwa mwanataaluma wa uzamili, na mtu aliyeajiriwa kama profesa haipati kwa kuajiriwa tu. Hadhi ina madaraja: wapo wanaoruhusiwa kufundisha kozi tu, wapo wanaoruhusiwa kukaa kwenye jopo la mwanafunzi, wapo wanaoruhusiwa kuongoza tasnifu ya uzamivu. Mtaalamu wa nje ya chuo anaweza kupewa hadhi ya muda kwa kozi moja au kwa mwanafunzi mmoja. Na katika vyuo vingi hadhi hiyo ina ukomo: miaka ikitimia unaomba upya na kuonyesha ulichotafiti na ulichochapisha. Hilo la ukomo msomaji alishike, nitalirudia.

Kwetu mambo hayo hayo yapo, ila yametawanyika. Sehemu imo katika kanuni za Seneti, sehemu katika miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na sehemu katika mazoea ya idara. Mkuu wa idara anayefanya kazi kwa mazoea hugundua kanuni siku anapogongana nayo.

Chuo kikuu katika jiji hili hakijaanza jana kuulizwa nani mwenye mamlaka ya kusema kozi fulani inahesabika. Oktoba 1961, kilipoanza katika jengo la Mtaa wa Lumumba na wanafunzi wachache wa sheria, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Kujitegemea kulikuwa na maana moja ya kazi ambayo hotuba huwa haziitaji: tangu siku hiyo Seneti ya hapa ndiyo inayobeba jukumu la kila krediti inayoandikwa kwenye cheti. Vyuo vingine vya umma vilivyofuata vimeurithi mzigo huo huo.

Swali la ngazi

Kikao kilianza na kozi, na ndiko kilikotumia muda mrefu zaidi. Mkuu wa idara aliitwa ajieleze. Alisema andiko la kozi mpya lilikuwa limeanza kuandikwa, likakwama kwa sababu safari yake ni ndefu: idara, bodi ya kitivo, kamati ya masomo ya uzamili, Seneti, na mtaala ukibadilika kwa kiasi kikubwa, Tume. Kikao kimoja kikikosa akidi, muhula umepita. Akasema kama wangesubiri, wanafunzi wangehitimu uhandisi wa usafirishaji Dar es Salaam bila kusoma lolote la maana kuhusu mabasi yanayopita mbele ya macho yao. Alikuwa mkweli, na malalamiko yake juu ya ucheleweshaji ni ya haki kabisa.

Ndipo mwenyekiti akauliza swali ambalo kwangu ndilo lililokuwa kiini cha shauri zima. Kwenye ratiba, kozi ya Injinia ilikuwa saa 11 jioni, ukumbi fulani, siku ya Jumatano. Ukumbi huo, saa hiyo, siku hiyo, palikuwa na kozi nyingine ya wanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya kwanza, mwalimu ni yule yule.

"Daktari, hawa walikuwa darasa moja?"

"Ndiyo, Profesa. Mwalimu ni mmoja."

Kufundisha makundi mawili pamoja si kosa. Idara ndogo hufanya hivyo kila mahali, na mwanafunzi wa mwaka wa nne hupata mengi kwa kukaa karibu na mtu aliyekwisha kufanya kazi. Lakini katika mfumo wa sifa za kitaaluma nchini, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ni ngazi ya 9 na uzamivu ni ngazi ya 10. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikihesabiwa za darasani, za maktaba, za mazoezi na za kujisomea. Krediti 12 ni saa 120. Kama makundi mawili yanasikiliza mhadhara mmoja, lazima ionekane kwenye karatasi kwamba saa nyingine za mwanafunzi wa uzamili zilienda kwenye kazi ya ngazi yake: makala za utafiti alizozichambua, tatizo alilolitafutia mbinu mwenyewe, takwimu alizozikusanya na kuzitetea.

Tulifungua mitihani. Ilifanana, isipokuwa wa uzamili ulikuwa na swali moja la ziada. Mradi wa kuhesabu abiria ulikuwa mmoja kwa wote, na mwongozo wa kusahihisha ulikuwa mmoja. Injinia, alipoulizwa, alieleza kwa unyoofu kwamba aliwatazamia wanafunzi wa uzamili waandike kwa kina zaidi, na kweli waliandika hivyo, ila hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba kina hicho ndicho kinachopimwa.

Huu ndio upungufu ambao mchakato wa kupitisha kozi ungeubaini mapema. Andiko la kozi lina sehemu ya matokeo tarajiwa ya ujifunzaji, na mjumbe yeyote aliye macho angeuliza: mbona haya ni yale yale ya shahada ya kwanza? Injinia angeongeza kazi mbili, angebadili mwongozo wa kusahihisha, na jambo lingeisha kabla mwanafunzi hajajisajili. Wanaosema kamati za Seneti ni urasimu mtupu wangekuwa na haki kama kozi hii isingekuwa na dosari. Ilikuwa nayo, na dosari yenyewe ilihusu hasa kile ambacho mwanafunzi wa uzamili analipia.

Uamuzi

Idara iliomba kozi ipitishwe na tarehe irudishwe nyuma, ili krediti za kundi la tatu zihesabike. Kamati ilikataa, na niliunga mkono kukataa. Seneti ikianza kupitisha leo kilichofundishwa mwaka jana, hakuna idara itakayohangaika tena kuomba kabla, na wakaguzi wa ithibati wakija hatuna cha kuwaonyesha kinachotofautisha kozi iliyopimwa na iliyobandikwa.

Badala yake kamati ilitumia kilichokuwa halali. Msimbo wa Mada Maalumu ulikuwapo kwenye mtaala. Kamati ikaomba Seneti itoe ruhusa ya pekee mada hiyo ihesabiwe mara ya tatu chini ya msimbo huo, kwa sharti kwamba kila mwanafunzi wa kundi hilo afanye kazi ya ziada ya kiwango cha ngazi ya 9, na kazi hiyo pamoja na mitihani ya zamani isomwe na mtahini wa nje. Hakuna aliyeambiwa arudie kozi nzima.

Kwa msimamizi, kamati iliteua Mhadhiri Mwandamizi wa idara hiyo kuwa msimamizi mkuu, naye aisome tasnifu tangu ukurasa wa kwanza kana kwamba ndiyo kwanza inaandikwa. Injinia akateuliwa msimamizi mwenza, kwa mwanafunzi huyo peke yake. Kuna wajumbe waliotaka aondolewe kabisa. Nilipinga, na wengi walipinga, kwa sababu tasnifu ilihusu muda wa kusubiri basi katika vituo vya Kimara hadi Ubungo na hakuna mtu chuoni aliyelijua jambo hilo kumzidi. Lakini nilikubali pia kwamba asibaki peke yake. Msimamizi hatakiwi kuijua mada tu. Anatakiwa awe amewahi kubeba utafiti mmoja mrefu mpaka mwisho, akahojiwa na watu wasiomwonea haya, akajua mapema ni wapi mbinu itakapovunjika. Uzamivu ndiyo njia tuliyo nayo ya kuhakikisha hilo. Msimamizi mkuu mpya alipoisoma tasnifu, alikuta sampuli ya abiria imechukuliwa siku za kazi peke yake ilhali hitimisho linazungumzia wiki nzima. Lilirekebishwa kwa kupunguza ukubwa wa dai. Mtahini angeliona, na pengine asingekuwa mpole.

Mpaka hapo kamati ilifanya kazi yake. Nisichokubaliana nacho ni mahali ilipouweka mzigo.

Chuo ndicho kilichomdahili mwanafunzi huyu, kikampangia kozi kwenye ratiba yake, kikampa msimamizi kwa barua yenye mhuri, kikapokea ada, na mfumo wa matokeo ukapokea alama za kozi yenye msimbo usiojulikana na Seneti. Ukaguzi wa kwanza ulifanyika mlango wa kutokea. Wakati huo mwenye kuumia ni mmoja tu, naye ndiye asiyekuwa na uwezo wa kuzuia chochote. Nilipendekeza mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: msimbo wa kozi usifunguliwe kwenye mfumo wa matokeo mpaka uwe na namba ya uamuzi wa Seneti, na fomu ya kumpangia mwanafunzi msimamizi isipokelewe kama jina la msimamizi halimo kwenye orodha ya wenye idhini. Yote mawili yalipita bila ubishi.

La tatu halikupita. Nilipendekeza orodha hiyo ya wenye idhini iwe na ukomo wa miaka mitano kwa kila mtu, mwajiriwa wa kudumu na mgeni, Mhadhiri na Profesa, kama wafanyavyo wenzetu nilioeleza juu. Sababu yangu ni hii: tulitumia saa nzima kumhoji Injinia kama anafaa kusimamia tasnifu moja ya uzamili, na tulikuwa na haki ya kumhoji. Lakini wapo miongoni mwetu waliopata uzamivu zamani, hawajachapisha wala kutafiti kwa miaka mingi, wanasimamia wanafunzi wengi kuliko wanavyoweza kuwasoma, na hakuna kikao kinachowauliza lolote. Mwanafunzi anayekaa miezi bila kurudishiwa sura yake anaumia sawasawa na aliyepewa msimamizi asiye na idhini, na wa kwanza hana hata kanuni ya kuishika mkononi. Tukimdai mgeni uthibitisho mlangoni huku wenyeji tumejisamehe milele, hatulindi ubora wa shahada. Tunalinda nafasi zetu. Niliyasema haya kikaoni kwa maneno karibu haya haya. Wajumbe wawili waliniunga mkono. Mwenyekiti alielekeza pendekezo liandikiwe dokezo na kuletwa kikao kingine, nami nimeliandika.

Andiko la kozi ya Injinia lilifika kamatini muhula uliofuata. Sasa lina kazi mbili za wanafunzi wa uzamili peke yao, mwongozo wake wa kusahihisha, na saa ya mjadala baada ya wanafunzi wa mwaka wa nne kuondoka. Lilipita. Injinia amepewa idhini ya kuifundisha kwa miaka miwili na kuwa msimamizi mwenza popote mada inapomhitaji.

Mwanafunzi alifanya kazi ya ziada, akarekebisha tasnifu, akaitetea, akapita. Ila kufanya hayo kulimlazimu ajisajili muhula mwingine, na muhula una ada. Kamati ya masomo ya uzamili haina mamlaka juu ya fedha. Iliandika kwamba mwanafunzi hakuwa na kosa, ikashauri arudishiwe. Shauri likaenda upande wa Baraza la Chuo, kwenye kamati ya fedha, ambako limerudi mara moja likiuliza ni kanuni ipi inayoruhusu kurejesha ada ya muhula ambao mwanafunzi alisoma kweli. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa hali hiyo. Inabidi iandikwe, na ianze na yeye.